Mwisho Ambao Hayat Hakuuamini

"Huyu mwanamuke alimuua bwana yake," Hayat alisema, akaigonga karatasi kwa ncha ya kalamu.

Mama yake, Mwanvua, alikuwa uani anachambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Nani?"

"Wa mu hadisi. Sikiliza, mama."

Kesho yake asubuhi Hayat alitakiwa kukabidhi insha kuhusu mwisho wa hadithi fupi. Mwalimu Népomuscène, ambaye kila Jumamosi huwafundisha kina mama wa mtaa wa Jabe kuandika, alichukua kurasa nne za mmoja wao, akafuta jina, akazigawa kwa wanafunzi wake wa sekondari. Swali lilikuwa moja: je, mwisho huu unaaminika?

Hadithi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Mume anarudi kutoka shambani Ruziba, koo limemkauka. Analetewa chupa ya soda, anapiga mafunda matatu bila kupumua, anaanguka. Anazikwa kabla ya magharibi. Mwisho unasema: "Moyo wake ulisimama. Mungu alimpenda zaidi."

Wenzake wote waliandika juu ya kudra. Hayat hakuandika juu ya kudra. Alikuwa na ugonjwa wa wasomaji wazuri: akishika uzi haachi kuvuta mpaka shati zima lifumuke.

Alisoma kwa sauti: "'Chupa ililetwa ikiwa wazi. Katika mji wetu chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, hata arusini, hata msibani. Ukiletewa iliyo wazi, unamwambia aliyeileta aonje kwanza, naye hachukii. Mume huyu hakumwambia mtu aonje. Basi aliyeileta, ambaye mwandishi amekataa kumtaja, alikuwa mtu ambaye mume asingeweza kumshuku hata kidogo.'"

Mwanvua alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakirudisha palepale.

"Mu ile nyumba muko batu bangapi?" aliuliza.

"Babili. Bwana na bibi. Nimesoma mara kumi, akuna mwingine."

"Basi."

"Na ku shamba banalima nyanya, mama. Dawa ya kuua badudu ba nyanya banaiuzaka ya kupima, banaitia mu chupa ya soda. Kila mutu anajua." Hayat aligeuza ukurasa, akamalizia: "'Si moyo. Mwisho huu ni uongo, na aliyeuandika anajua kuwa ni uongo. Kikulacho ki nguoni mwako.'"

Ilikuwa insha nzuri, tena nzuri mno. Mwanvua aliliona hilo, na hofu ikamshika.

Hayat hakukaa. Alibaki amesimama mbele ya mama yake.

"Kuko kitu sikuandika," alisema taratibu. "Ukurasa wa tatu, bale baliomuosha bwana balishindwa kutoa rangi ya majani ya nyanya mu vidole vyake. Ni we uliniambia ivyo juu ya baba."

Hamimu, baba yake, alifariki Hayat akiwa na miaka minne. Alizikwa siku ileile, na tangu hapo mdogo wake Tajudini, anayeishi Mutakura, hajanywa hata maji katika nyumba hii. Kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akiwaambia watu kwamba kaka yake, mwenye nguvu za fahali, hakufa kwa moyo. Alichokosa ni ushahidi wa kupeleka polisi.

"Baba alikufa na nini?"

"Moyo."

"Mama."

"Nimekuambia moyo."

"Iyi hadisi ni ya kwako. Usinidanganye." Aliishika insha kwa mikono yote miwili, tayari kuichana. "Sema si we. Sema mulikuwa mutu mwingine mu nyumba, mi naichana sasa ivi, na kwa baba mudogo siendi. Neno moja tu, mama."

Mwanvua alimtazama binti yake kuanzia utosini hadi vidoleni. Alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote alichojaliwa duniani, na jioni hiyo upendo ulimuuma kama jino bovu.

"Apana," alisema. "Akukuwa mutu mwingine. Ni mi."

Hayat alilia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja. Alijitupia mtandio kichwani, akakunja hadithi na insha, akazitia kifuani.

"Ata kusema pole, apana?"

"Enda, mwanangu. Enda mbele ya jua kuzama."

Mlango wa bati ulijibamiza. Mwanvua alisikiliza hatua zikielekea barabarani, kwenye magari ya kwenda Mutakura, mpaka zikapotea katika kelele za soko. Kisha akamaliza kuchambua mchele, maana mchele haujichambui. Akaingia ndani, akakunja khanga mbili na msala wake wa kuswalia, akavitia kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kuwangoja watakaokuja.

Aliogopa, lakini hakujuta. Majuma matatu yaliyopita, kabla ya kumpa mwalimu nakala safi, alikuwa ameichoma nakala ya kwanza kwenye jiko la makaa. Katika nakala hiyo nyumba ilikuwa na watu watatu, na wa tatu, mwenye miaka minne, alisifiwa na baba yake kwa kumletea chupa aliyoikuta nyuma ya mlango, ameibeba kwa mikono miwili, bila kumwaga hata tone.