Namba Tasa ya Mzee Tatsuo

Asubuhi hiyo Mzee Tatsuo alikuwa tena akisaka namba ya kuigawa 982,451,653. Shanga za abakasi yake, ile fremu ya kuhesabia, zilikuwa zikigongana tangu kabla ya chai, na vidole vilikuwa vimeota sugu. Alifundisha hesabu za shanga hapa Nagano mpaka uzee ukamstaafisha. Siku hizi husahau alikoishia jana, basi kila kukicha huanza upya: gawanya kwa tatu, gawanya kwa saba, na kuendelea.

Namba hiyo alipewa na mkewe, Fumie, mwanamke asiyejua kuchekacheka. Wali ukiiva, bakuli la kwanza ni la Kazuto, mwana wao wa pekee. Hulipeleka chumba cha ndani, akatoka na kufunga mlango. Mume hungoja la pili.

Sayo, dada wa mzee, alikuwa amefika jana kutoka Osaka, na kumwona kaka yake akihangaika hivyo kulimkera. Aliiingiza namba ile kwenye simu yake, akapata jibu, akamfuata Fumie jikoni.

"Wifi, ile namba ni tasa. Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ulikuwa unajua?"

"Najua. Niliitafuta makusudi."

"Yaani unamfanyia kaka yangu mchezo?"

Fumie aliendelea kuosha vyombo. Alisema mwanzoni alikuwa akimpa namba za kugawika. Siku moja alimpa 10,403, akidhani itamshikilia hadi jioni. Chai haijapoa, mzee keshapata 101 mara 103, na siku hiyo Fumie haombi irudi.

"Akiwa na kazi ametulia," alisema. "Muache."

Sayo aliona huo ni ukatili mtupu, ukatili wa mke aliyemchoka mumewe. Na nani angemlaumu kwa kuona hivyo? Alikwenda sebuleni, akapiga magoti kando ya kaka yake, akaifunika abakasi kwa kiganja.

"Kaka, imetosha. Hakuna kinachoigawa. Ni tasa."

Mzee aliikodolea macho ile namba. Kisha akatabasamu, tabasamu la zamani ambalo Sayo alidhani limekwisha kabisa, hata machozi ya furaha yakamlengalenga dada mtu. Mzee aliisukuma abakasi kando, akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku.

"Kazuto bado yuko mtoni?" aliuliza. "Hebu mwiteni. Maji yamejaa leo."

Sayo aligeuka, uso umesawijika. Fumie alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, mara hii ameuacha wazi. Nyuma yake wali ulikuwa umepoa mbele ya picha ya mtoto aliyevaa sare ya shule.

"Mwambie wewe, wifi," alisema. "Mimi nimeshamzika mara nyingi mno."