Mgonjwa wa Kuigiza

"Ulimwengu na unyamaze! Mgonjwa mashuhuri kuliko wote Kigali anaingia!" Rwema alitangaza, kisha akajikwaa kwenye kiti. Darasa likaangua kicheko.

Ulikuwa mtihani wa wanafunzi wa tiba ya viungo: kumhudumia mgonjwa kwa kuheshimu mila zake. Rwema aliigiza mzee mwenye kiharusi. Aliuinua mkono wa kulia uliolegea kwa kuushika kwa wa kushoto, akampa mtahiniwa. Wakacheka tena.

Mtahiniwa, msichana wa dawati la mbele, hakucheka. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, naomba ruhusa nikuguse."

"Gusa tu, binti. Ila usinivunje, sina spea."

"Ukipata nguvu, unataka kutembea mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mahafali ya mjukuu wangu."

Jibu lilimtoka lenyewe. Lilikuwa la babu yake, neno kwa neno.

"Anaitwa nani huyo mjukuu?"

Rwema aliuvuta mkono wake, na sasa hakuwa akiigiza.

"Rwema."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Babu yuko wapi, mwanangu?"

"Tulimzika Jumamosi, kule Ndera. Alikuwa akinisubiri kila Jumapili nimfanyishe mazoezi. Nilikwenda mara moja tu. Jumapili nyingine zote nilimwambia nina mtihani."