Paka Aliyeitikia Karibu

Enzi wanyama walipokuwa wakijuliana hali kila asubuhi, aliletwa uani paka wa nasaba, Zumaridi, mwenye manyoya marefu. Paka wa ukoo wake hawawezi kukaa peke yao. Aliwekewa samaki kwenye sahani nzuri, lakini hakuwa na wa kula naye, basi hakula. Akakonda hadi wenyeji wakahofia atakufa.

Uani pale aliishi pia Bi Kuku, aliyefiwa na jogoo wake. Kila alipokula mtama alisema, "Karibu!" Na kila aliyepita alijibu, "Starehe," akaenda zake. Ndiyo adabu.

Siku moja akapita Zumaridi.

"Karibu," akasema Bi Kuku.

Paka akaketi.

Bata wa uani, aliyekuwa kando, akacheka hadi akapaliwa. "Shoga, kwenu hukufunzwa? Karibu hiyo ni ya mdomoni tu!"

Zumaridi akainuka kwa haya. "Wallahi sikujua. Nilidhani nimeitwa. Mtama siutaki, bibi. Nilitaka mwenzangu tu."

Bi Kuku akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kalete na samaki wako."

Wakala pamoja. Kisha Bi Kuku akamchambua manyoya kwa mdomo, fundo kwa fundo, na paka akanguruma taratibu kwa raha.

Kesho yake Bata akapita.

"Karibu!" wakamwambia wote wawili.

Bata akafungua mdomo aseme starehe. Akaiona nafasi waliyomwachia katikati, akaketi.

Hekaya inakomea hapo. Mola awaruzuku wapweke wenzao wa kula nao.