Nyanyua Mguu

“Nyanyua mguu, mwanangu, utajikwaa,” alisema Bibi, naye akaupandisha wake juu kwa taabu, akauvusha, akautua upande wa pili.

Nadra akatazama chini. Ukumbi mzima, tangu mlangoni, ulikuwa saruji tupu, laini kama sahani.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuikarabati nyumba hii kongwe ya Maskati, na mafundi walikuwa wameshakoroga saruji ya kubandikia vigae. Bibi alikuwa hajaikanyaga nyumba hiyo tangu wahamie Bawshar, pembezoni mwa mji, baba yake Nadra akiwa bado mtoto.

“Pana nini hapa, Bibi?”

“Si kile kizingiti chetu! Cha mawe, kinafika hapa.” Akagusa muundi wake. “Mvua ikinyesha wadi, lile bonde la mto mkavu, linafurika, maji yanakuja mpaka mlangoni, yanakigonga, yanarudi. Sisi tuko ndani, tunakunywa kahawa yetu.”

Nadra aliukumbuka mji wa Uingereza alikosomea, vichochoro vyake vya kale vikishukia mtoni, na milango yenye vizingiti virefu vya kuzuia mafuriko. Alikuwa akiviinamia kimoja kimoja, akivipapasa, akiwaonea wivu wenye nyumba hizo.

Akapiga magoti pale mguu wa Bibi ulipovuka. Akaipapasa saruji: kizingiti kilikuwa kimefukiwa chini yake.

“Weka mwiko chini,” akamwambia fundi. “Niletee nyundo na tindo.”

“Taratibu lakini,” alisema Bibi. “Hapo ndipo baba yako alipovunjia jino.”