Daftari la Mlangoni

Kidole cha Esnath kilisimama kwenye jina la mwanawe, hakikutaka kuondoka.

"Ndiyo huyu. Anyosisye wangu."

"Huyo huyo, mama," alisema Winfrida, mtunza maktaba wa chuo, akifunua kurasa. "Jana kasaini. Juzi kasaini. Hajakosa hata siku moja."

Esnath alikuwa ametoka Lufingo na mvua, miguu yote tope. Wiki ya pili sasa simu ya kijana ilikuwa haipatikani.

"Mbona wino wa kijani?"

"Vijana hao, mama. Kesho utaona wa pinki."

"Nilikuwa napita tu hapa, niende polisi."

"Polisi wa nini? Ngoja nikuoneshe hawa watu." Winfrida alishusha sauti. "Wale wenye laptop kwenye kona ni wa masters, wamefuata intaneti. Mwaka wa tatu wanafuata tafiti za wenzao waliomaliza, wanakili. Mwaka wa kwanza wanafuata hili daftari. Bila saini thelathini hugusi mtihani. Wako mia tatu, sura siwajui, ila majina yao nayala kila siku kama ugali. Mtoto anayesoma hivi simu ya nini?"

Esnath alicheka, na machozi yakamtoka humo humo.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana." Aliweka chane ya ndizi mezani. "Akija mpe. Mwambie mama yake hana hasira."

Polisi hakwenda tena. Alishika njia ya kurudi Lufingo.

Saa nane mchana akaingia Muddy, wa mwaka wa kwanza, anatweta. Akasaini kwa kalamu ya bluu. Halafu akachomoa ya kijani mfukoni, akasaini mstari wa chini yake.

Winfrida alimdaka mkono.

"Wewe ndiye Anyosisye?"

"Aah, dada, usinichome bwana! Tunakaa naye chumba kimoja, Bulyaga. Mwenzangu anaumwa, kaniomba nimsainie asije akakosa mtihani."

Winfrida alitazama zile ndizi, akapumua.

"Basi mpelekee hizi hapo chumbani. Zimetoka kwao."

"Chumbani hayupo, dada. Nilimpandisha bodaboda mwenyewe, anatetemeka homa, hata kuongea hawezi. Wiki ya pili hii yuko kwao Lufingo, mama yake anamuuguza."