Hodi ya Bi Nyamburi

Siku hizi, kwa sheria, shamba huwa la ukoo wa yule aliyechonga mishale ya mawe iliyofukiwa humo. Kwa hiyo kila mvua ikikatika, Sikitu na mama mkwe wake, Bi Nyamburi, hushuka korongoni mwa shamba lao kuitafuta.

Safari hii Sikitu aliokota jiwe jeusi mchangani. Lilikuwa limebanduliwa vipande pande zote mbili, na kitako chake kimechongwa chembamba cha kufungia kwenye kijiti.

"Mama, hili halikuvunjwa na maji. Ni ncha ya mshale."

"Lisome basi! Litutaje, wale majirani wanaolidai shamba wafyate midomo!"

Sikitu aliliweka kwenye mashine ya kusomea mawe. Ikataja mrithi wa mchongaji: si ukoo wa mumewe, bali yeye, Sikitu, aliyekuja hapo kuolewa.

Walirudi nyumbani, humo humo shambani. Sikitu alitangulia ndani kuwasha moto. Bi Nyamburi alisimama mlangoni pa nyumba aliyoikandika kwa mikono yake.

"Hodi."

"Jamani mama, ingia! Hapa si kwako?"

Bi Nyamburi hakusogea. "Hodi, mwanangu."

"Karibu," Sikitu alijibu, akaogopa jinsi neno lilivyomtoka kirahisi.