Masanduku Matatu ya Mchanga

Hivi wewe, umewahi kumtumia mwanao sanduku la mchanga? Bibi Tumpale wa Tunduma alituma mara tatu. Sheria ilikataza kumkabidhi msafirishaji kitu cha thamani akivushe mpakani kabla hajajaribiwa kwa sanduku la mchanga, na kila sanduku lilimrudishia mtumaji picha ya aliyelifungua. Bibi alitaka mbeleko aliyombebea Sekela imfikie bintiye huyo, aliyejifungua kule Ndola, ng'ambo ya mpaka.

Msafirishaji wa kwanza alichelewa siku nne. Wa pili alililowesha sanduku. La tatu likafika kavu, muhuri wake wa lakiri haujavunjwa.

“Huyu ndiye!” Bibi akashangilia, akikagua pembe za sanduku pichani. Ndipo macho yakapanda usoni. Sekela, kichanga begani, alikuwa akichakura mchanga kwa vidole, akitafuta kilichofichwa chini. Bibi akarudia picha mbili za mwanzo. Humo pia Sekela alichakura vilevile.

Aibu ikamshika Bibi, akapiga simu.

“Mwanangu, ule mchanga ulikuwa wa majaribio tu.”

“Najua, mama. Hata hivyo nilitafuta.”

“Basi mbeleko inakuja kesho. Nimempata mwaminifu.”



“Mama, mpaka wenyewe unauona ukiwa dirishani kwako. Mimi nilitaka uje wewe.”